Je, Elimu Peke Yake Yaweza Kumwendeleza Mwanadamu?

Ndugu msomaji, watu wengi wa zama hizi hudai ya kwamba elimu ya sayansi, kadiri inavyozidi kuenea, itamwondolea mwanadamu si njaa na maradhi tu, bali hata uovu wake. Wengine, wakitazama silaha za kutisha zilizopo, hudai kinyume chake, yaani mwanadamu hakupiga hatua yo yote. Na tuyapime madai haya kwa kisa kimoja cha hakika.

Mwaka 1909 mkemia wa Kijerumani, Fritz Haber, alifaulu kuiunganisha naitrojeni iliyomo hewani na haidrojeni, akapata amonia, ambayo ndiyo asili ya mbolea nyingi za viwandani. Kwa njia hiyo mamilioni kwa mamilioni ya watu wanapata chakula mpaka leo. Neema kubwa iliyoje! Lakini tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres katika Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia mitungi ya gesi ya klorini, na upepo ukaipeleka gesi hiyo kwa askari waliokuwamo mahandakini, wakafa kwa kukosa pumzi. Aliyeongoza matayarisho ya silaha hiyo alikuwa nani? Alikuwa Haber yule yule.

Je, kemia ilikosea? La, hasha! Ilikuwa sahihi shambani, na ilikuwa sahihi handakini. Sayansi hutuambia litakalotokea tukitenda jambo fulani. Haituambii kama yatupasa kulitenda. Mwanafalsafa David Hume wa Scotland alikwisha kuonyesha katika karne ya 18 ya kwamba, kutokana na maelezo ya jinsi mambo yalivyo peke yake, hatuwezi kupata hukumu ya jinsi yanavyopasa kuwa.

Tena kuna tofauti nyingine. Elimu hurithiwa. Mwanafunzi wa leo hujifunza katika somo moja yale ambayo Haber aliyahangaikia kwa miaka, naye huanzia pale alipoishia mwenzake. Lakini mtoto wa mtu mwaminifu hazaliwi na uaminifu wa baba yake. Aweza kufundishwa na kuonyeshwa mfano mwema, hata hivyo hapana budi ashindane na tamaa yake mwenyewe tangu mwanzo.

Basi, je, tukate tamaa? Sivyo. Utazame ugonjwa wa ndui. Edward Jenner alionyesha njia ya kuuzuia kwa chanjo mwaka 1796, lakini katika karne ya 20 bado uliwaua watu wengi mno. Ni kweli kwamba chanjo ilihitaji kuboreshwa. Lakini ilihitajika pia nia ya kumfikia kila mtu, hata maskini wa kijiji cha mbali. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilizidisha juhudi zake, na Marekani na Urusi ya Kisovyeti, zilizokuwa zikishindana kwa silaha, zilishirikiana katika kazi hiyo. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977. Na mwaka 1980 ikatangazwa ya kuwa ugonjwa huo umekwisha duniani.

Kwa hiyo maendeleo yawezekana, ila hayaji yenyewe kama mapambazuko. Elimu ni amana, nayo hufuata nia ya yule aliyeishika.

Ewe msomaji, usiiogope elimu, wala usiiabudu. Mpeleke mwanao shule, ajifunze kemia na hesabu. Lakini arudipo jioni, usimwulize tu, "Umejifunza nini leo?" Mwulize pia, "Utamfaa nani kwa hayo uliyojifunza?" Nawe ujiulize swali lilo hilo kabla hujalala, kwani hapana maabara iwezayo kukujibia.