Kijana wa Padre

Somo: 1 Samweli 3:1–18



Mara kwa mara Askofu hutuletea mwanafunzi wa chuo cha theolojia afanye mazoezi ya kazi katika mtaa wetu. Watu humwita kijana wa Padre. Siku yake twaijua, maana nyumba yetu yatazamana na kanisa. Kabla jua halijachomoza hufungua milango, hupiga kengele ya Sala ya Asubuhi na kuwasha mishumaa, na mara nyingi husali na Padre na bibi wawili watatu tu. Kisha hufagia, hufuatana na Padre kuwapelekea wagonjwa Sakramenti. Alasiri huketi chini ya mwembe na darasa la Kipaimara, watoto wakiwa bado na sare za shule. Jioni ni Sala ya Jioni, halafu kwaya. Usiku huandika mahubiri, ambayo kesho Padre atayafuta nusu yake kwa wino mwekundu.

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu hatuoni ajabu. Tuliandika maandalio ya somo hata usiku wa manane, na asubuhi mkufunzi akaketi nyuma ya darasa na daftari lake, nasi chaki ikitutetemeka mkononi. Na katika Biblia ni vivyo hivyo. Yoshua alikuwa mtumishi wa Musa kabla hajawavusha Israeli Yordani. Elisha alipotafutwa na wafalme, hakutajwa kwa miujiza, bali alitajwa kuwa ndiye aliyekuwa akimnawisha Eliya mikono (2 Wafalme 3:11). Hata Samweli, baada ya usiku ule wa kuitwa na Mungu, asubuhi aliamka akafungua milango kama kawaida yake. Tena tuwakumbuke watu wa huku kwetu: John Swedi, aliyewekwa kuwa shemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa, aliyekuwa kasisi mwaka 1890. Wote wawili walitoka utumwani, wakaketi kama wanafunzi kule Unguja kabla ya kutumwa kuwafundisha wengine.

Lakini leo twataka kusema juu ya siku moja mbaya.

Padre alikuwa safarini kutembelea makanisa madogo ya mtaa. Mama mmoja mzee akafariki, na kijana ikampasa kuongoza maziko. Pale kaburini, alipofika mahali pa kutaja jina, akataja jina la dada yake marehemu, ambaye yu hai, naye ameketi pale pale juu ya jamvi. Watu wakanyamaza kimya, kisha kikazuka kilio kingine. Kijana akajikwaa, akasahihisha, akamaliza sala.

Jumapili Halmashauri ya Mtaa ikaketi, naye akaitwa. Mmoja akasema huyu hafai, chuo kiandikiwe barua. Mwingine akasema zamani mambo hayakuwa hivi. Kijana aliinamisha kichwa, akaomba radhi, asiseme neno jingine.

Nasi tulinyamaza. Walakini tulijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Jina lile alilisoma katika kikaratasi, na mwandiko ulikuwa wetu. Asubuhi ya msiba tuliandika majina ya marehemu na jamaa zake kwa haraka, tukakosea katika kunakili, tukampa. Angalikitoa kikaratasi kile mbele ya wazee, angalijiokoa. Hakukitoa.

Ndugu zangu, miaka mingi tuliwafundisha watoto kwamba aliyekosa na asimame mwenyewe. Siku ile tuliona jinsi lilivyo somo gumu. Magoti yalikuwa mazito. Tukasimama, tukasema kosa ni letu. Habari ya barua ikaishia hapo.

Tulipotoka nje tulimwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, “Shikamoo, Mwalimu. Karatasi uliiandika wewe, lakini kinywa kilikuwa changu. Ilinipasa kuwauliza wafiwa kwanza.”

Tukashika njia kwenda kwa wafiwa kuomba radhi. Yule bibi alitusikiliza hata mwisho, kisha akasema, “Mjukuu wangu yule alikuja jioni ile ile, nikamsamehe. Wewe, Mwalimu, ndiye uliyechelewa.”

Basi, twajifunza nini? Twapenda kumtazama Samweli katika somo hili, lakini wazee na tumtazame Eli. Mara mbili alimrudisha mtoto akalale, asitambue kwamba ni Bwana aitaye. Mara ya tatu akafahamu, akamfundisha namna ya kuitika. Na asubuhi alipoletewa neno zito juu ya nyumba yake mwenyewe, hakumkemea mtoto, bali alilipokea. Kanisa likiletewa mwanafunzi, si yeye peke yake anayepimwa. Sisi nasi twapimwa.

Tena tumkumbuke Marko. Aliwaacha wenzake kule Pamfilia, na Paulo akakataa kumchukua tena. Barnaba akamchukua. Miaka ikapita, na Paulo akiwa kifungoni aliagiza Marko aletwe, maana amfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Je, Barnaba asingalikuwapo?

Kwa hiyo tumwombee kijana wetu kwa jina. Tumkaribishe chakula, maana posho yake ni ndogo. Akikosa, tumwonye faraghani kabla ya kumsema barazani, na kwanza tutazame kama mwandiko wetu haumo katika kosa lake. Taarifa yake ikiandikwa, iwe ya kweli, yenye mema na mapungufu.

Kesho alfajiri kengele italia tena. Tukiisikia, tusigeuke upande wa pili kitandani. Twende tukasali pamoja naye.

Mungu atujalie neema hiyo. Amina.