Mtoto Asiyeshika Masomo: Tumpime Kabla ya Kumhukumu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).



Swali la Ijumaa hii ni hili: baba anayemchapa mtoto kwa sababu hajui kusoma, anamrudi kwa haki au anamdhulumu? Wengi watajibu haraka kwamba fimbo ni malezi. Lakini kadhi hamhukumu hata mwizi bila ushahidi. Sisi mtoto tunamhukumu jioni moja, buletini ikiwa mkononi: mvivu, kichwa kigumu. Na kuna nyumba ambamo neno linalofuata ni mchawi.

Kila mwalimu wa madrasa amemwona mtoto wa namna hii. Msomee Suratul Fajr kwa mdomo, baada ya siku chache anaishika. Mpe ubao, umwonyeshe ba, ta na tha, anazichanganya, maana kinachozitenga ni nukta tu. Leo anaijua herufi, kesho imepotea kabisa. Je, mvivu anashika Suratul Fajr?

Mwaka 1896 munganga mmoja Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyefundishwa miaka mingi bila kuweza kusoma. Hesabu aliziweza. Jina lake mwenyewe alilikosea kuliandika na hakuona kosa. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, yule angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Shida hiyo leo inaitwa disleksia. Iko nyingine ya hesabu, na nyingine ya kuandika. Inatoka katika namna ubongo unavyofanya kazi, na mara nyingi inapita katika ukoo. Baba mwenye fimbo akumbuke kwanza yeye alikuwaje darasani.

Wako wanaosema: mkifundisha hivyo, kila mvivu atapata pa kujificha. Hoja hii ina maana, na jibu lake ni kupima. Tuanze na masikio na macho, kwani mtoto anayetokwa usaha sikioni hasikii nusu ya somo. Tuulize kama aliwahi kupata malaria ya ubongo, ambayo huweza kuacha alama katika akili na kumbukumbu. Tuulize anakula nini asubuhi. Halafu lugha: mtoto wa Kilega nyumbani na Kiswahili njiani anaandikishwa dikte ya Kifaransa, naye hajui maneno yenyewe. Huyo aulizwe kwa lugha ya mama yake kabla ya kusema hana akili. Tena tangu masomo ya msingi yafanywe bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa, na anayekaa nyuma huenda mwalimu hajawahi kumsikia akisoma.

Yakiisha hayo, asaidiwe kidogo kidogo kila siku kwa miezi 6. Akibaki palepale wakati wenzake wa umri wake wanasonga mbele, hiyo ni dalili ya kweli. Hata hapo, jina la shida linatolewa na mtaalamu, na kwetu wataalamu hao ni wachache. Jirani asilitoe, wala imamu. Kumwita mtoto mgonjwa wa akili bila kumpima ni ile hukumu ya mvivu imevalishwa kanzu nyingine.

Dini yetu imesemaje? Aya ya mwisho ya Suratul Baqara inafundisha kwamba Mwenyezi Mungu haibebeshi nafsi kitu isichokiweza. Katika Bukhari na Muslim, bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba anayesoma Kurani kwa taabu, huku akikwama, ana thawabu mbili. Basi sisi tunatoaje viboko pale Mtume alipoahidi thawabu mbili? Wanaotaja hadithi ya mtoto wa miaka 10 na swala waisome vizuri: inamhusu anayeacha analoliweza. Nabii Musa (a.s.) aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe na apewe Harun amsaidie. Alipewa msaidizi, wala hakulaumiwa.

Juu ya uchawi niseme kwa ufupi. Kumsomea mtoto dua ni jambo jema. Kumfunga, kumnyima chakula, kumfukuza nyumbani ni dhuluma, na sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa uchawi.

Walimu wa madrasa watabaki barazani Jumapili baada ya swala ya Alasiri. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii alete daftari zake za mwaka huu na za mwaka uliopita, pamoja na karatasi za hospitali kama zipo. Mtoto mwenyewe abaki nyumbani kwanza, asije kutazamwa na watu.