Macho, Masikio na Moyo: Amana Tutakayoulizwa

Katika Sura An-Nahl, yaani Sura ya Nyuki, Mwenyezi Mungu anamtaja nyuki na kinywaji kitokacho tumboni mwake. Aya chache baadaye anatukumbusha ya kwamba tulitoka matumboni mwa mama zetu hali hatujui lolote, naye akatupa masikio, macho na nyoyo ili tupate kushukuru. Ndugu zetu wa Mitundu, katika nchi ya Itigi yenye sifa ya asali, wanaweza kuufahamu mpango huu upesi, kwani mwalimu wao yumo mzingani.

Ndugu msomaji, yatafakari kwanza macho yako. Ndani ya kila jicho, upande wa nyuma, umetandikwa utando mwembamba wenye chembe zipatazo milioni 120 zinazoona katika nuru hafifu, na nyingine zipatazo milioni 6 zinazopambanua rangi. Katika sikio la ndani mna chembe zenye vinyweleo kiasi cha 15,000 tu, nazo zikifa hazioti tena. Hali kadhalika ngozi ina vipokezi vyake. Mwaka 2021 wataalamu David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuvumbua vipokezi vya joto na vya mguso. Julius alikitafuta kipokezi cha joto kwa kutumia ukali wa pilipili. Kumbe pilipili huunguza ulimi bila moto kwa sababu hugusa kipokezi kile kile kiguswacho na moto!

Wako watu wasemao: “Siwezi kumwamini Mungu, maana sijamwona.” Basi na wamtazame nyuki. Yeye huona nuru iliyo ng’ambo ya zambarau, na baadhi ya maua yana alama za nuru hiyo ambazo macho yetu hayazipati. Mrina asali na nyuki hulitazama ua moja, na mdudu akaona asichokiona mtu. Je, mrina asali azikanushe alama hizo? Hoja hii peke yake haimthibitishi Mungu. Lakini yatosha kuonyesha kwamba kutoonekana kwa kitu si dalili ya kutokuwapo kwake. Macho na masikio hukusanya dalili, na moyo ndio upimao.

Lakini iko hatari. Mrina asali apulizapo moshi, harufu ya onyo itolewayo na nyuki walinzi haiwafikii wenzao sawasawa. Vipapasio vyao ni vizima, ila habari haifiki. Taasubi ni moshi wa namna hiyo. Ewe unayeitafuta haki, huenda jamaa zako wamekuambia usisikilize kabisa. Waheshimu wazee wako, sema nao kwa upole, walakini sikiliza, kisha pima. Nawe uliyekwisha kuamini, usidhani moshi huu ni wa wengine tu. Msikilize asemaye kinyume nawe mpaka amalize, ndipo ujibu.

Tena amana hutunzwa. Ugonjwa wa trakoma, uitwao pia vikope, umewapofusha watu wengi katika mikoa yetu ya kati. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali. Basi wewe unayeosha uso kwa udhu mara tano kwa siku, je, umemnawisha na mtoto wako? Kumwacha na tongo machoni huku ukisimama kusali ni kuisahau sehemu ya shukrani.

Kurani Tukufu inatuonya kwamba sikio, jicho na moyo, vyote vitaulizwa. Hatutaulizwa kwa nini hatukuona nuru ya nyuki, bali tutaulizwa tuliifanyia nini nuru tuliyopewa.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yanayozingatia, masikio yanayosikiliza na nyoyo zinazoshukuru. Amin.