Kumwita Fundi wa Jirani

Mji wa Babati umekaa njia panda. Barabara ya Arusha huingia kutoka kaskazini, ya Dodoma hushika kusini, na ya Singida huelekea magharibi. Tangu Mkoa wa Manyara ulipozaliwa mwaka 2002 na Babati kuwa makao yake makuu, wapitaji wameongezeka. Na mpitaji aweza kuwa mgeni mwema au mchukuzi wa mali ya mwenyeji. Mahali hapo panafaa kwa swali hili: je, ni halali kumwita fundi hodari aliye katika kazi ya mwenzio?

Na awaziwe kijana wa Babati, mtunga programu. Yeye na wenzake wawili wanatunga programu ya kuwapasha wakulima wa mbaazi habari za bei. Kampuni kubwa ya Nairobi yamwita kwa mshahara maradufu. Wito wa namna hii si ndoto: Microsoft ilifungua kituo cha kutunga programu Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza chake mwaka 2022.

Wako wasemao kuwa wito huo ni wizi. Lakini kiibwacho ni kitu chenye mwenyewe, na mtu hana mwenyewe ila nafsi yake. Katiba ya Tanzania ya 1977, katika ibara ya 22, humpa kila mtu haki ya kufanya kazi, na katika ibara ya 25 hukataza kazi ya shuruti. Asiyeweza kuitwa pengine hutumika kama mfungwa.

Marekani ilitoa funzo juu ya neno hili. Kampuni kubwa, zikiwamo Apple, Google, Intel na Adobe, zilipatana kwa siri zisiitiane mafundi. Mwaka 2010 serikali ilizishtaki, na mwaka 2015 kampuni hizo nne zilikubali kuwalipa wafanyakazi dola milioni 415. Mapatano yale yaliitwa heshima baina ya majirani. Kumbe yalikuwa kamba shingoni mwa watu wasiokuwapo barazani.

Walakini uhuru wa mwitwa haumwondolei mwitaji wajibu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni juu ya kuajiri waganga na wauguzi wa nchi nyingine. Kanuni hiyo haikumnyima mganga haki ya kusafiri. Ilizitaka nchi tajiri zisiende kuwatafuta waganga katika nchi zilizopungukiwa. Hapa pana tofauti kubwa: kufungua mlango ni jambo moja, kuvunja ukuta wa mwenzio ni jingine.

Kwa hiyo hukumu hutegemea nia na namna. Mwitaji anayemtaka fundi kwa ustadi wake, akamwita waziwazi na kumpa muda wa kuwafundisha wenzake kazi anayoiacha, hana lawama. Amwitaye ili programu ya mbaazi ife, kisha amweke fundi bila kazi, amemdhulumu fundi, jirani na mkulima.

Naye mwenye kazi asijitoe lawamani. Aliyeacha maarifa yote katika kichwa kimoja amejenga nyumba juu ya nguzo moja. Dawa yake si kumfunga fundi, bali kumlipa kwa haki, kumheshimu, na kueneza ujuzi wake kwa wengi. Mkulima anayengoja bei ya mbaazi hajui jina la fundi. Lakini haki yake imo katika mizani, wala hapana aliyemwita barazani aulizwe.