Barua ya Shukrani

Kwa miaka kadhaa nilijitolea katika kituo cha watoto cha kanisa letu. Kila Jumamosi watoto walikuja wakapimwa uzito, wakafundishwa Biblia, wakala wali na maharage. Msingi wetu ulikuwa Luka 2:52, panaposimuliwa jinsi Yesu alivyokua kwa akili na kwa mwili, akapendwa na Mungu na watu. Yaani tumlee mtoto mzima, wala si roho yake peke yake. Jambo hilo naliamini hata leo.

Ila kulikuwa na siku za barua. Mtoto alimwandikia mfadhili wake wa ng'ambo, nasi walimu tulisoma kabla ya kutuma. Mvulana mmoja aliuliza, baada ya salamu, kwa nini yeye ameandikishwa na mdogo wake hakuandikishwa, hali njaa yao ni moja. Nilimrudishia karatasi aandike shukrani. Akaandika, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wa kwanza.

Je, nilimlinda au nilimnyamazisha? Mfadhili naye ana moyo. Pengine ni mzee anayejinyima. Lakini nadhani kule kupendwa na watu sisi tulikugeuza kuwa kumpendeza mtoaji. Na sura hiyo hiyo ya Luka, aya chache nyuma, inamwonyesha mtoto wa miaka 12 hekaluni akiwauliza walimu maswali, nao wakistaajabu.

Kanuni yetu ilikuwa mtoto mmoja kwa kila nyumba. Hata hilo sikumweleza.