Hesabu ya Kondoo Wote

Mwaka 1989 huko Miami, Marekani, ilifunguliwa mahakama ya namna mpya. Mshitakiwa aliyetekwa na madawa ya kulevya hapelekwi gerezani moja kwa moja. Hutiwa katika matibabu, mkojo wake hupimwa mara kwa mara, naye husimama mbele ya hakimu yule yule kueleza mwenendo wake. Akishika njia husifiwa, akiteleza huadhibiwa, akifika mwisho, mara nyingi shitaka lake hufutwa.

Je, mahakama za namna hii zafaa? Mwaka 2012 wataalamu walikusanya taarifa 154 za uchunguzi. Kwa watu wazima waliona hivi: mahali ambapo 50 katika 100 wangerudia makosa, waliopitia mahakama hizo walirudia 38 hivi. Kwa vijana wadogo faida ilikuwa haba zaidi. Si muujiza, wala si kazi bure.

Lakini tujihadhari na hesabu ya kujipendeza. Wapo waliopima kwa kuwatazama waliohitimu peke yao, wakawasahau walioanguka njiani na kurudishwa gerezani. Mchungaji wa Injili hakuhesabu hivyo: aliijua idadi kamili ya kundi lake, ndiyo maana alitambua kuwa mmoja amepotea. Apimaye rehema kwa haki yampasa kuwahesabu wote walioingia mlangoni.

Nasi wazazi, kijana wa nyumbani mwetu akianguka mara ya pili, tusimfute katika hesabu. Maana Mungu hajamfuta.