Kumheshimu Mwalimu na Kusema Kweli

Kila mwaka tarehe 14 Oktoba twamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki London siku kama hiyo mwaka 1999. Mwaka huu, hapa Majengo mjini Dodoma, tuliwasikia wazee wawili wakishindana baada ya ibada. Wa kwanza alimsifu Mwalimu kwa mambo mengi. Wa pili akaitikia, kisha akaongeza, “Hayo ni kweli, lakini nyumba ya tembe ya baba yangu iliachwa porini tulipohamishwa.” Yule wa kwanza akakasirika, akasema, “Marehemu hasemwi!” Wakaachana bila kuagana. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: Je, mtu aliyempenda mwalimu wake yampasa kunyamaza juu ya makosa yake?

Kwanza tukumbuke ya kuwa jina la Mwalimu hakupewa kwa sifa tu. Alikuwa mwalimu wa ubaoni hasa. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasomea ualimu Makerere, na tangu mwaka 1946 akafundisha katika shule ya St. Mary's huko Tabora. Aliporudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952 alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1955 alipotakiwa kuchagua kati ya kazi ya shule na kazi ya TANU, aliiacha shule pamoja na mshahara wake. Walakini ualimu haukumwacha. Alipokuwa Rais alifasiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, na katika uzee wake aliziweka Injili katika utenzi. Tena wako wazee wengi katika nchi yetu waliojifunza kuandika majina yao katika madarasa ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970. Mtu aliyepewa kusoma amepewa mlango usiofungwa tena.

Basi deni letu ni kubwa. Katika Amri ya Nne twafundishwa kuwaheshimu wazazi, na Luther katika Katekisimo Kubwa aliwataja walimu pamoja na wazazi, kuwa ni watu ambao hatuwezi kuwalipa kama inavyowastahili. Kwa hiyo yule mzee wa kwanza hakukosea alipoona uchungu. Asiyemshukuru mwalimu wake amekunywa maji ya kisima, kisha akakitupia taka.

Lakini iko na Amri ya Nane, inayokataza kushuhudia uongo. Na yule mzee wa pili hakusema uongo. Katika Operesheni Dodoma, miaka ya 1970 na 1971, Wagogo wengi waliondolewa walikokaa, wakakusanywa katika vijiji. Shabaha yake ilikuwa njema: njaa ilikuwa ikirudi mara kwa mara katika Ugogo, na serikali ilitaka watu wawe karibu na maji, shule na zahanati. Walakini wengi waliacha tembe zao na mashamba yao, na wafugaji wakayaacha malisho waliyoyazoea. Mwaka 1973 kukaa vijijini kukawa amri kwa nchi nzima. Jambo lililoanza kuhubiriwa kwa hiari likamalizwa kwa amri.

Tena tuangalie neno moja ambalo huenda wengi hawakulifikiri. Yule mzee wa pili naye alikuwa akiishika Amri ya Nne. Alikuwa akimheshimu baba yake, aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake. Tukimnyamazisha, twamlazimisha kumlipa mwalimu wetu kwa kumsahau baba yake mwenyewe. Heshima ya namna hiyo si heshima. Ni kuchukua mali ya mmoja na kumpa mwingine.

Na marehemu mwenyewe angesemaje? Hatuna haja ya kubuni maneno, kwani matendo yake yapo. Mwaka 1962 aliandika kijitabu, akakiita Tujisahihishe, akiwaonya wanachama wa TANU juu ya makosa yao. Tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963. Hakuridhika nayo, akaitengeneza, ikatoka tena mwaka 1969. Mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, alitangaza mbele ya watu wote mambo yaliyofaulu na yaliyoshindwa. Baadaye alikiri kwamba serikali yake ilikosea ilipoziondoa serikali za mitaa na vyama vya ushirika. Walimu wengi hushika kalamu nyekundu kwa madaftari ya wengine. Huyu aliishika hata kwa daftari lake.

Hata hivyo tusidhani kwamba kila anayetaja makosa ya marehemu anaipenda kweli. Katekisimo yetu yatufundisha pia kumtetea jirani na kuyaeleza mambo yake kwa wema kadiri iwezekanavyo. Mwalimu mwema akisahihisha daftari huweka alama penye haki na alama penye kosa, kisha humrudishia mtoto daftari lake; halichani. Vivyo hivyo anayemkumbuka marehemu kwa haki huyataja makosa pamoja na sababu zake, wala hayafurahii.

Nasi twakiri letu. Siku moja mtoto wa darasa la kipaimara alituonyesha kosa tulilolifanya ubaoni. Tulimwambia akae kimya. Kosa tulilifuta baadaye, alipokwisha kwenda nyumbani. Hata leo, tukimwona mtoto yule, twaona haya, wala si kwa sababu ya kosa la ubaoni.

Basi, ndugu waalimu wa dini na wainjilisti, mwaka ujao siku ya kumbukumbu itakapofika, wapeni nafasi wazee wote wawili, mmoja aseme shukrani zake na mwingine aseme habari za nyumba ya baba yake, na watoto wasikie yote mawili. Na siku ambayo wanafunzi wetu watatukumbuka sisi, tusitamani waseme kwamba hatukukosa. Yatosha wakiweza kusema kwamba tulikubali kusahihishwa.